Edward Abraham na vimeng'enya vitatu

Kila kijana anayeletwa katika maabara yetu kwa mafunzo ya vitendo ninampa barua moja aisome kabla sijamruhusu kugusa kisahani chochote cha vimelea. Ni barua fupi sana, iliyochapishwa katika jarida la Nature tarehe 28 Desemba 1940, na waandishi wake ni wanabayokemia wawili wa Oxford, Edward Abraham na Ernst Chain. Inaeleza kwamba ndani ya bakteria fulani mna kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kikemia, chenye uwezo wa kuiharibu penisilini. Akimaliza kusoma, ninamwuliza swali moja tu: siku barua hii ilipochapishwa, ni wagonjwa wangapi walikuwa wamekwisha kudungwa penisilini iliyotengenezwa Oxford?

Wengi hukisia mamia, na wachache hukisia maelfu. Jibu ni kwamba hakuna hata mmoja. Askari polisi Albert Alexander, ambaye ndiye mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa sindano za penisilini ya Oxford, alianza dawa tarehe 12 Februari 1941, wiki sita na nusu baada ya barua ile. Alipata nafuu kubwa kwa siku chache, dawa ikaisha ingawa walikuwa wakiichuja tena kutoka katika mkojo wake, naye akafariki tarehe 15 Machi. Mwaka jana binti mmoja wa mafunzo aliinua macho kutoka kwenye karatasi akaniuliza, "Kwa hiyo, dada, aliyeiua dawa alijulikana kabla ya aliyeponywa na dawa?" Nilimjibu kwamba ndivyo hasa, na kwamba mmoja wa watu wawili waliomtambua aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake akifuatilia maana ya jambo hilo. Huyo ndiye ninayetaka kumwandika leo, kwa sababu Fleming, Florey na Chain walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 kwa kazi ya penisilini na majina yao yamo vitabuni, lakini jina la Abraham sijawahi kulikuta katika kitabu chochote nilichosomea.

Edward Penley Abraham alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1913. Alisoma kemia katika Queen's College, Oxford, kisha akafanya utafiti wake wa shahada ya uzamivu chini ya Robert Robinson, mmoja wa wakemia waliokuwa na sifa kubwa kuliko wote katika zama zake. Kimeng'enya cha kwanza kilichomkuta mikononi kilikuwa lisozimu. Hiki Alexander Fleming alikwisha kukigundua mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika kamasi, machozi na ute mweupe wa yai, akaona kwamba kinaweza kuwayeyusha baadhi ya bakteria mpaka maji yaliyokuwa na ukungu yakawa maangavu. Fleming hakukisafisha. Mwaka 1937 Abraham na Robinson walitangaza kwamba wamekipata katika umbo la fuwele kutokana na ute wa yai, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika. Kwa kijana wa miaka 24 hiyo ilikuwa kazi ya mikono yenye subira isiyo ya kawaida, kwa kuwa protini haigandi kuwa fuwele mpaka iwe imetengwa na karibu kila kitu kingine.

Hapa lazima nieleze kidogo juu ya ukuta wa bakteria, kwa kuwa maisha yote ya kitaaluma ya Abraham yaliuzunguka ukuta huo. Ninakotoka, kandokando ya Ziwa Victoria, kila mtoto amewahi kuona nyavu zikisukwa au kushonwa upya, na sijapata mfano bora kuliko huo. Ukuta wa bakteria ni wavu ulioifunika seli yote: kuna nyuzi ndefu za sukari, na kuna vifundo vya minyororo mifupi ya asidi amino vinavyozishika nyuzi hizo pamoja. Lisozimu hukata nyuzi. Penisilini, kama ilivyokuja kufahamika miaka mingi baadaye, haikati chochote. Inakiziba kimeng'enya cha bakteria kinachofunga vifundo, hivyo seli inapokua wavu wake unabaki na matundu na shinikizo la ndani linaipasua. Ni shabaha moja inayopigwa kwa njia mbili, na Abraham alikuwa amejifunza njia ya kwanza kabla hajaikuta ya pili.

Baada ya kipindi cha utafiti huko Stockholm alirudi Oxford vita vikiwa vimeanza, akajiunga na kundi la Howard Florey katika Sir William Dunn School of Pathology. Huko alimkuta Chain, Myahudi aliyeikimbia Berlin mwaka 1933, naye pia mtu wa vimeng'enya: alikuwa amechunguza sumu za nyoka, kisha lisozimu yenyewe. Chain alianza kuishughulikia penisilini akidhani kwamba nayo ni kimeng'enya, aina ya lisozimu itokayo kwenye ukungu. Haikuwa hivyo, kwani molekuli yake ni ndogo mno kuwa protini. Hata hivyo dhana hiyo potofu ilikuwa na faida yake, maana ndiyo iliyoiweka penisilini mikononi mwa watu waliozoea kuuliza, kila wanapoona kitu kikitoweka, ni protini gani imekila.

Penisilini ilikuwa ikitoweka. Walisaga bakteria wa aina ya Escherichia coli, wakachukua maji yaliyotokana na seli zilizopasuliwa, wakayachanganya na penisilini, na nguvu ya dawa ikaisha. Ili kuthibitisha kwamba kilichofanya hivyo ni kimeng'enya walitumia hoja tatu, na ninazipenda kwa sababu hazihitaji mashine yoyote ya gharama. Kwanza, maji hayo yakichemshwa kwa nyuzi 90 kwa dakika tano, uwezo wake wa kuharibu dawa hupotea. Pili, kitu hicho hakipiti katika utando wa selofani, maana yake ni kikubwa. Tatu, kikiwekwa pamoja na papaini, nacho huharibika. Papaini ni kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa papai, kilekile kinachofanya kazi mama anapopaka papai bichi kwenye nyama ngumu ya mishkaki na kuiacha ilainike kabla ya kuichoma. Papaini humeng'enya protini; basi kilichoharibiwa na papaini ni protini. Kijana yeyote aliyekulia Pwani anaielewa hoja hiyo kabla sijamaliza kuieleza. Kimeng'enya hicho wakakiita penisilinesi.

Makala iliyosifiwa zaidi ya kundi la Oxford ni ile ya Agosti 1940 katika jarida la Lancet, iliyoeleza jinsi penisilini ilivyowaokoa panya walioambukizwa. Ni makala kubwa na sina nia ya kuipunguzia heshima. Lakini kwa mtu anayefanya kazi kama yangu, barua ya Desemba ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa makala ya Agosti ilisema dawa inaweza nini, na barua ya Desemba ikasema bakteria nao wanaweza nini. Kabla ya mwongo huo kwisha, Mary Barber alikuwa ameonyesha katika Hammersmith Hospital ya London jinsi stafilokokasi, bakteria wa majipu na vidonda, wanaotengeneza penisilinesi walivyokuwa wakienea wodini.

Abraham aliendelea kuisafisha penisilini na kuitafuta sura ya molekuli yake. Mwezi Oktoba 1943 alipendekeza kwamba katikati yake mna pete ya atomi nne, ile tunayoiita beta-laktamu. Wakemia wengi hawakukubali, kwa kuwa pete ndogo namna hiyo imekunjwa kwa nguvu na ilionekana haiwezi kudumu. Aliyeongoza upande wa upinzani alikuwa Robert Robinson, mwalimu wake mwenyewe, aliyekuja kupata Nobel ya kemia mwaka 1947. Kwa utamaduni wetu, kumpinga aliyekulea katika taaluma ni jambo zito, na nadhani hata kwa utamaduni wao halikuwa jepesi. Chain alisimama upande wa Abraham. Mwaka 1945 Dorothy Hodgkin, pamoja na Barbara Low na wenzao, alimaliza kuisoma fuwele ya penisilini kwa miale ya eksirei, na pete ya atomi nne ilikuwa palepale Abraham alipoiweka. Udhaifu waliouona wapinzani wake ulikuwa wa kweli: kwa sababu pete imekunjwa, hufunguka kwa urahisi, na kufunguka huko ndiko kunakoifanya ikamate kimeng'enya cha bakteria. Penisilinesi nayo hufanya jambo hilohilo, ila inatumia maji kuifungua na kisha inaiachia, tayari kwa molekuli inayofuata.

Sasa nifike mahali ambapo, kwa maoni yangu, thamani ya mtu huyu inaonekana vizuri kuliko kwingine kote.

Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu, profesa wa usafi wa afya huko Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, alichukua sampuli za maji ya bahari karibu na mdomo wa bomba la maji taka la mji, akiamini kwamba huenda kuna viumbe vinavyosaidia bahari kujisafisha. Akapata kuvu aliyeitwa Cephalosporium acremonium, ambaye majimaji yake yaliwazuia bakteria wa aina nyingi, wakiwamo wa homa ya matumbo. Alijaribu hata kuwatibu wagonjwa kwa majimaji hayo yasiyosafishwa. Hakuwa na vifaa wala fedha za kuendelea, akachapisha matokeo yake mwaka 1948 katika kijarida cha taasisi yake mwenyewe, na kupitia daktari mmoja Mwingereza aliyemfahamu, kuvu huyo akafika Oxford mwaka huohuo. Ninapowaza juu ya wenzetu katika vyuo vya kanda hii ambao kazi zao nzuri hubaki ndani ya makabati kwa kukosa kemikali za shilingi elfu chache, jina la Brotzu hunijia kwa haraka.

Abraham alipewa kuvu huyo, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 akafanya kazi hiyo pamoja na Guy Newton. Waligundua kwamba kuvu hatoi dawa moja. Kulikuwa na iliyoitwa sefalosporini P, ambayo ni ya jamii nyingine kabisa, na sefalosporini N, ambayo ilibainika kuwa ni penisilini yenye mkia tofauti. Hii ya pili ndiyo iliyoeleza matokeo ya Brotzu kwa homa ya matumbo, na mtafiti mwingine angefunga daftari hapo. Mwaka 1953, walipokuwa wakichunguza mabaki ya sefalosporini N, waliona kitu cha tatu kilichokuwa kama taka ndani ya sampuli, kwa kiasi kidogo mno na chenye nguvu hafifu dhidi ya bakteria. Wakakiita sefalosporini C.

Kitu dhaifu, kidogo, kilichokuja kama uchafu. Kwa nini wakishughulikie? Ni kwa sababu Abraham alikipima kwa kipimo alichokuwa nacho tangu 1940: alikiweka pamoja na penisilinesi, nacho hakikuharibika. Hapo ndipo barua ya zamani ilipozaa. Mtu asiyekuwa na kimeng'enya hicho akilini angeipima dawa mpya kwa nguvu yake tu na angeitupa. Yeye aliipima kwa adui yake. Baadaye ilionekana kwamba inawalinda panya walioambukizwa stafilokokasi waliokwisha kuwa sugu kwa penisilini, na kwamba sumu yake kwa mnyama ni ndogo sana.

Hata hivyo ilichukua miaka mingi zaidi kufika popote. Kuvu alitoa kiasi kidogo cha dawa, na ni kituo cha utafiti wa viuavijasumu kilichokuwa Clevedon, chini ya Medical Research Council, baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, kilichosaidia kuotesha kuvu wengi na kupata aina inayozaa zaidi. Ujio wa methisilini, aina ya penisilini iliyoanza kutumika mwaka 1960 na ambayo nayo iliihimili penisilinesi ya stafilokokasi, uliwafanya wengi waone kwamba tatizo limekwisha. Abraham na Newton hawakuacha. Walipendekeza muundo wa molekuli mwaka 1959, na Dorothy Hodgkin, safari hii pamoja na mtafiti mwenzake Maslen, akauthibitisha mwaka 1961. Pete ya atomi nne ilikuwamo tena, lakini imeunganishwa na pete ya atomi sita badala ya ile ya tano iliyo katika penisilini. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyokifanya kimeng'enya cha stafilokokasi kishindwe kuishika vizuri.

Walitambua pia kwamba wakiukata mkia wa molekuli na kubaki na kiini chake wangeweza kuunganisha mikia mingine na kupata dawa zenye nguvu. Walitafuta kimeng'enya cha kuukata mkia huo wasikipate, wakautoa kidogokidogo kwa asidi. Ni wakemia wa kampuni ya Eli Lilly, huko Marekani, waliopata njia ya kemikali yenye mavuno ya kutosha, na mwaka 1964 sefalotini ikaingia sokoni kama dawa ya kwanza ya jamii hii. Kutokana na kiini hichohicho vilitokea vizazi vyote vya sefalosporini vilivyofuata, pamoja na seftriaksoni ambayo leo hakuna wodi ninayoifahamu inayoweza kufanya kazi bila hiyo: homa ya uti wa mgongo, nimonia kali, maambukizi ya damu, watoto wachanga, wajawazito waliofanyiwa upasuaji.

Kuna suala la fedha, nalo nitalitaja kwa ufupi ingawa linanigusa. Penisilini haikuwekewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, na watu wa Oxford, kwa kuwa Chain alipotaka hivyo wakubwa wa sayansi ya Uingereza walimwambia kwamba si uungwana. Kwa sefalosporini mambo yalikwenda tofauti, hataza zikasajiliwa kupitia shirika la umma la National Research Development Corporation, na sehemu ya mapato ikamfikia Abraham. Mamilioni ya pauni aliyaweka katika mifuko ya kugharamia utafiti wa tiba, baiolojia na kemia huko Oxford, katika chuo chake cha Lincoln na katika shule aliyosoma akiwa mtoto. Mmoja wa mifuko hiyo una jina la Guy Newton, aliyefariki mwaka 1969 akiwa bado na umri wa kufanya kazi. Abraham mwenyewe, kwa maelezo ya waliomfahamu, aliendelea kuishi maisha ya kawaida ya mhadhiri.

Kimeng'enya cha tatu kilimjia uzeeni. Alistaafu uprofesa mwaka 1980, mwaka aliopewa heshima ya kuitwa Sir, lakini alibaki maabara, na pamoja na kundi la Jack Baldwin, mkemia wa Oxford, alishughulikia swali ambalo kwangu ni zuri kuliko yote: kuvu mwenyewe hutengenezaje pete ile ngumu ya atomi nne? Jibu ni kimeng'enya kinachoitwa isopenisilini N sinthesi, ambacho kwa kutumia madini ya chuma na oksijeni huchukua mnyororo mnyoofu wa asidi amino tatu na kuukunja ukawa pete mbili kwa mkupuo mmoja. Kazi ambayo wakemia wa miaka ya 1940 walidhani haiwezekani, kuvu huifanya kimyakimya katika maji ya uvuguvugu. Abraham alianza na kimeng'enya kinachopasua bakteria, akaendelea na kinachopasua dawa, akamalizia na kinachoijenga dawa. Alifariki Oxford mwezi Mei 1999.

Katika mwaka wa 1983 watafiti wa Ujerumani walieleza bakteria waliokuwa na vimeng'enya vipya vya jamii ya penisilinesi ambavyo, kwa mabadiliko madogo tu, viliweza kuzishika na kuzifungua sefalosporini za kizazi cha tatu. Vizazi vya vimeng'enya hivyo ndivyo ninavyovitafuta kila siku kazini. Vijidudu vinavyovibeba mara nyingi huwa na vinasaba vyake juu ya vipande vya DNA vinavyohama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, na kila dozi ya seftriaksoni inayotolewa bila sababu, au kidonge kinachonunuliwa dukani kwa ajili ya mafua, huwaua wasiovibeba na kuwaachia nafasi wanaovibeba. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kupeleka wodini majibu ya mtoto mchanga wakati ambapo dawa iliyokwisha kuanzishwa ilikuwa haina kazi yoyote tangu dozi ya kwanza, na dawa iliyofaa haikuwapo stoo.

Namna ya kuvitambua ni rahisi, na ndiyo ninayomwonyesha kijana wa mafunzo baada ya kumpa barua. Tunatandaza bakteria wa mgonjwa juu ya agari, jeli ya kuoteshea bakteria, tunaweka diski ya sefotaksimu, sefalosporini ya kizazi cha tatu, upande mmoja, na upande mwingine diski ya dawa hiyohiyo iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo nayo ina pete ya atomi nne na kazi yake ni kukizuia kimeng'enya. Kisahani kinalala ndani ya kabati la joto kwa nyuzi 35 hadi asubuhi. Tunapokitoa tunapima kwa rula duara lililo wazi kuzunguka kila diski, na kama lile la pili limelizidi la kwanza kwa milimita tano au zaidi, kimeng'enya kimo. Yule binti aliyeniuliza swali alipima lake la kwanza siku ya Alhamisi: milimita 11 upande mmoja, milimita 24 upande wa pili. Aliandika namba hizo kwenye daftari, akazihakiki tena, kisha akaniomba simu ya maabara ili awapigie wodini kabla madaktari hawajaanza mzunguko.